Malaika wa Saa Nane na Dakika Kumi

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila sikio la kushoto limeshastaafu na la kulia nalo limeanza kuomba likizo. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi jirani yangu wa duka la madaftari alinishikia simu yake sikioni, nikawa najibu "ndiyo, ndiyo," kumbe mtu wa upande wa pili anauliza kama karakana yangu imefungwa moja kwa moja. Nimempoteza mteja kwa adabu.

Nina swali moja. Siku ile mwaka jana, niliposhuka kwenye basi nikakukuta mlangoni mwa wodi, uliniambia mke wangu amekata roho saa nane na dakika kumi mchana. Je, uliitazama saa palepale au baadaye? Na ilikuwa saa ya ukutani au ya mkononi? Kama ilikuwa imeshapita saa nane na dakika ishirini, hesabu yangu yote inaharibika.

Acha nikueleze hesabu yenyewe, na usicheke. Miezi sita sasa nasoma kwa bibi mmoja aliyeniletea saa yake ya mezani. Ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, alipanga herufi za madini ya risasi miaka thelathini na minane. Ukutani kwake ametundika mchoro wa duara kumi zilizounganishwa kwa njia ishirini na mbili. Wenyewe wanauita Mti wa Uzima, na elimu yake ni Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi wa zamani. Kila njia ina herufi yake ya Kiebrania. Karata kubwa za taroti, zile za kupigia ramli, nazo ni ishirini na mbili, kila moja na njia yake. Halafu zinakuja nyota: buruji kumi na mbili, sayari saba, na asili tatu, yaani moto, maji na hewa. Jumlisha mwenyewe uone. Na juu ya vyote hivyo wapo malaika sabini na wawili, wanaogawana mwaka na kugawana siku pia. Siku ina dakika elfu moja mia nne na arobaini. Gawa kwa sabini na mbili: kila malaika ana zamu ya dakika ishirini. Niambie, fundi saa gani angeikataa elimu kama hiyo?

Saa nane na dakika kumi ni zamu ya malaika wa arobaini na tatu, jina lake Vevalia. Nataka kuwa na hakika kwamba ndiye aliyempokea Chapuchapu wangu. Maana kwa mwendo wake ule wa haraka, uliofanya mtaa mzima umbandike jina hilo, asije akawa amempita malaika njiani.

Mdogo wako,
Fundi Saa


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Tangu lini wewe, uliyekuwa ukisinzia kila tukipelekwa kwenye ibada, ukawa mtu wa malaika?

Saa nilikwambia. Nane na kumi. Hayo ya ukutani na ya mkononi sioni faida yake. Mtu anayefiwa hatazami saa kama anayengoja usafiri. Wifi yangu alikufa mikononi mwangu, akasema uje polepole, usikimbie, ufike salama, kisha akafumba macho. Hayo yanatosha. Mengine mwachie Mungu, naye ana makarani wake.

Huyo bibi ananitia wasiwasi. Mimi mshona sare za shule, elimu yangu fupi, lakini najua viraka vinne vya vitambaa vinne haviwi suti. Kabala, nyota, karata, malaika: nani alivishona pamoja, na kwa uzi gani? Kama umempenda, sema tu, nitakata gauni. Kama anakuchezea akili, sema pia, nipande basi nije. Na unakula? Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Sijampenda. Ana miaka sabini na minane na ananigombeza kuliko wewe. Kula nakula, ila kidogo.

Nakushukuru kwa kunithibitishia saa. Sasa nimeweza kusonga mbele. Katika mafunzo haya karata ndogo nazo zina malaika wao, wawili kwa kila karata. Vevalia yumo kwenye Nane ya Vikombe. Niliigeuza nikaisogeza chini ya taa. Vikombe vinane vimepangwa vizuri, vizima, hakuna hata kimoja kilichopinduka, na mtu mwenye joho amevipa mgongo anaondoka zake. Uso wake hauonekani. Lakini mgongo ule nimeutambua, Dada. Sina haja ya kukuambia ni wa nani.

Mwalimu anasema nisiisome hivyo, kwamba karata moja si hukumu ya mahakama. Nimemsikia. Hata hivyo nimeiegemeza mbele ya meza yangu ya kazi, na kwa sasa nimeacha kupokea saa mpya, maana kila nikiinua macho kutoka kwenye kioo cha kukuzia naiona, na bisibisi inateleza.

Naomba uniandikie siku ile yote, tangu ulipopiga simu kwa jirani saa mbili asubuhi kuniita, hadi nilipofika saa tisa. Nani alikuwa chumbani. Kitanda kilielekea wapi. Kama alikunywa maji. Nisingechelewa kama basi la saa tatu lisingeharibika njiani, lakini hayo unayajua.

Mdogo wako


3 Aprili

Kwa Mpanga Herufi,

Shikamoo, Mama, ingawa nakuandikia kwa hasira. Mimi ni dada yake fundi saa. Anwani yako nimeikuta nyuma ya bahasha aliyonitumia. Inaelekea uligawana naye bahasha zako.

Mdogo wangu ni mtu wa mikono. Wazazi wetu walipokufa nilimlea mimi, na nilimpeleka mimi kujifunza ufundi. Sasa ameacha kazi anatazama karata. Mama, wewe ni mtu mzima. Ikiwa unaijua elimu hiyo kweli, unajua pia kwamba mtu mwenye msiba humwamini yeyote anayempa hesabu. Naomba umnyang'anye ile karata ya mtu aliyegeuza mgongo. Nyingine sizijui, abaki nazo. Ile moja, ichukue.

Mshona Sare


12 Aprili

Dada wa Fundi,

Marahaba, mwanangu. Hasira yako nimeipokea, imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Nianze na viraka, maana aliniambia ulivyosema, na ulisema kweli. Hao wazee wa Kabala walisoma herufi na majina ya Mungu. Karata za taroti hawakuzijua. Karata zilikuwa mchezo wa watu wengine. Elimu ya nyota ilitoka kwingine tena. Waliokuja kuvishona pamoja ni watu wa juzi tu, wa nchi nyingine kabisa, na walikuwa wakigombana wao kwa wao nani aanze wapi. Namfundisha hivyo hivyo, simfichi. Mimi naupenda mshono wenyewe. Naamini kwamba dunia imeunganika kuliko tunavyoona, na kwamba mtu aliyeketi akatafuta muungano huo kwa uvumilivu, hata akikosea, amesali. Hiyo ndiyo imani yangu yote, wala siiuzi.

Mdogo wako hakuja kwa ajili hiyo. Alikuja na dakika. Kuna wanaotaka kujua watakavyoishi, wengine wanataka kujua alipo marehemu. Yeye anataka dakika. Nimekuwa na wanafunzi wengi kidogo, na nimejifunza kwamba mtu anayeuliza dakika ana kesi, na mara nyingi mshtakiwa ni yeye mwenyewe. Kesi gani, hajaniambia. Karata nilimwomba mara mbili, akakataa. Shati lake limeanza kumpwaya mabegani.

Jambo la mwisho, na sikulazimishi kulijibu. Kila alichojenga amekijenga juu ya saa uliyompa wewe. Nilipokuwa kiwandani, herufi moja ikipangwa vibaya haikupiga kelele. Ilikaa kimya ndani ya ukurasa, ikimngoja msomaji. Kama saa ile ni sahihi, nisamehe uzee wangu. Kama sivyo, mimi si mtu wa kumwambia.

Mpanga Herufi, mstaafu


20 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu nimeikata kwa mkasi.

Wifi hakufa saa nane na dakika kumi. Sijui alikufa saa ngapi. Hakufa mikononi mwangu. Sikuwepo.

Wiki tatu sikubanduka kitandani pale ila kwa kuoga. Asubuhi ile alibadilika, nikakupigia kwa jirani yako. Baada ya hapo akatulia, akapumua vizuri, nikajiambia ana muda. Nikatoka nje saa nne kamili. Niliporudi ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na muuguzi alikuwa anavuta pazia. Aliniambia kwa upole, "Mama, nimemkuta hivi." Hakujua imepita dakika moja au hamsini. Kwenye faili waliandika saa aliyokutwa. Makaratasi yote niliyashughulikia mimi, kwa hiyo hukuyaona.

Halafu nikakaa kwenye benchi la mlangoni kukungoja, muda wa saa nne nzima, nikitunga. Niliona ukisikia kwamba amekufa peke yake, hutapona. Niliona ukisikia kwamba alikungoja hadi akakukosa kwa muda mfupi tu, utajua alivyokupenda. Saa nane na dakika kumi niliichagua mimi, maana mtu akidanganya kwa saa kamili hushtukiwa. Na yale maneno ya kuja polepole, usikimbie, ni yangu. Nilikuwa nayasema moyoni pale benchini, nakuona barabarani.

Kwa hiyo malaika wako wa arobaini na tatu mwache, hana habari zetu. Na mtu wa kwenye karata ni mimi. Nilipoisoma barua yako ile, nilijua umeniona.

Dada yako


18 Mei

Mdogo wangu,

Mwezi unakwenda. Jirani yako amenijibu kwamba karakana imefungwa na kwamba unapita barabarani kama mtu anayehesabu mawe. Nitukane, lakini kwa maandishi, niyasome.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Nilikukasirikia wiki tatu. Nilitamani kukutukana, nikakuta matusi yote ninayoyajua nilifundishwa na wewe.

Wiki ya nne nilimpelekea Mwalimu ile karata na daftari langu lote, nikamwambia nimemaliza, mjengo mzima ulisimama juu ya uongo. Siku hizi tunazungumza kwa ubao mdogo wa chaki, yeye anaandika, mimi natamka. Nikamsomea barua yako kwa sauti. Habari za basi kuharibika nilishampa zamani. Aliandika ubaoni: "Basi la saa tatu hufika huko saa ngapi?"

Nikamwambia saa saba. Aliufuta ubao taratibu, akaningoja.

Dada, basi la saa tatu halikuharibika. Mimi ndiye sikupanda. Jirani alinipa ujumbe wako saa mbili na dakika chache. Kituo unakijua, ni dakika kumi kwa miguu. Mezani kulikuwa na saa ya ukutani ya mteja aliyesafiri, saa ambayo hakuna aliyekuwa anaihitaji. Nikaifungua. Nikajiambia naimalizia hii kwanza. Nilikuwa naogopa, Dada. Mara ya mwisho nilipokuja mke wangu alinitazama akaniuliza mimi ni fundi wa nini. Niliogopa kufika nikute hata hilo haulizi tena. Nikasikia basi likipiga honi kituoni, wakati ule nilikuwa bado nasikia honi, na sikuinuka. Ule mgongo wa kwenye karata ni wangu, si wako. Nikapanda la saa tano, nikafika saa tisa, nikakukuta mlangoni, na kabla hujafungua kinywa nikakuambia basi liliharibika. Mimi ndiye niliyetangulia kudanganya siku ile. Wewe ulifuata.

Sasa fikiria ulichoniambia. Saa nane na dakika kumi! Kama ningepanda la saa tatu ningemkuta. Ningekaa naye saa nzima na zaidi, ningemsikia yeye mwenyewe akisema njoo polepole. Mwaka mzima nimebeba hiyo saa moja kifuani. Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Mwalimu. Sikutaka kujua malaika yupi alimpokea. Nilitaka malaika aniambie kwamba dada yangu amekosea saa.

Na kumbe ulikosea kweli. Saa tano kasoro kumi alikuwa ameshakwenda. Basi la saa tatu lilikuwa bado halijafika hata nusu ya njia. Nilipoielewa hesabu hiyo niliketi kwenye ngazi za Mwalimu nikalia kama sijawahi kulia mazishini. Woga wangu bado ni woga, sijausafisha. Lakini haukumnyima yeye kitu.

Maneno uliyomtia kinywani bado yananiuma. Niliyaishi, Dada, niliyasema nikivaa viatu. Itanichukua muda kuyarudisha kwako.

Nilirudi kwenye hesabu mara moja ya mwisho. Kuanzia saa nne kamili hadi saa tano kasoro kumi kuna zamu tatu: Lekabeli, Vasaria na Yehuia. Nikamwambia Mwalimu sitajua kamwe ni yupi kati ya hao. Akaandika: "Kwa nini awe mmoja?" Basi nimewapokea wote watatu. Wewe huamini, wala sikulazimishi. Mimi mwenyewe kuna siku naamini asubuhi, mchana nimeshaacha. Ila nikikiona chumba kile sasa, hakiko kitupu.

Usiniandikie kuomba msamaha. Niandikie jambo moja ambalo hukuliandika. Zile dakika hamsini ulikuwa wapi?

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Nilijua utauliza. Hata kwenye kuungama nilikuwa nimebakiza hili.

Nyuma ya wodi kuna uwanja wa kuanikia mashuka ya hospitali. Nilikwenda pale kwa sababu kulikuwa na jua na harufu ya sabuni, si ya dawa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaja mama mmoja, naye ana mgonjwa wake, simjui hadi leo. Akageuza ndoo nyingine akakaa. Akaanza kunisimulia habari za mkwe wake, mwanamume aliyeoa binti yake, na siku alipokuja kuposa. Mdogo wangu, nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka hadi nikashika kamba ya mashuka nisianguke, machozi yananitoka, na yeye akiniona nacheka anaongeza chumvi. Wiki tatu nilikuwa sijacheka. Nilisahau nipo wapi. Nilimwomba arudie mwisho wake, akarudia, nikacheka tena.

Na huko ndani, wakati huohuo, wifi yangu anakata roho.

Ningekuwa nimelala ningekwambia. Ningekuwa nasali ningekwambia siku ileile, kwa kujisifu. Lakini nilikuwa nacheka. Tangu siku ile, wateja wakitaniana kwenye chumba changu cha kushonea nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Binti ninayeshona naye anadhani namchukia.

Sasa huna ambalo hulijui.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Karakana nimeifungua Jumatatu. Mwalimu naendelea kwenda kwake kila Jumatano, amenirudisha darasa la kwanza: herufi zenyewe, moja moja, bila dakika. Karata anayo yeye, na siku hizi ananilisha kuliko anavyonigombeza.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu, sikukipata. Kurasa mbili nzima, ndoo, mashuka, sabuni, na hukuniandikia huyo mkwe alifanya nini. Mke wangu angeisoma barua hiyo kwa hasira. Angesema, "Wifi, mimi niache, nimeshakufa, mkwe je?" Unajua kwamba angesema hivyo.

Chumba cha nyuma nimekifagia, kitanda kipo. Njoo ukae siku chache. Utakaa upande wa sikio la kulia, usimulie taratibu na kwa sauti kubwa, na ukifika mwisho, urudie.

Mdogo wako,
Fundi Saa